Jikaze Kisabuni: Historia Fupi ya Maumivu ya Watoto

Kuna maneno mawili ambayo mtoto wa Kenya huyasikia kabla hajajua kuandika jina lake: jikaze kisabuni. Umeanguka ukicheza kati, jikaze. Umedungwa sindano, jikaze. Umefiwa na nyanya, jikaze. Sabuni ya kipande ikiachwa juani hukauka ikawa ngumu kama jiwe, na hivyo ndivyo tunavyotaka mtoto awe, hasa akiwa mvulana. Siku hizi tunaufanyia mzaha huo msemo mitandaoni, lakini ukienda wodi ya watoto saa ya kubadilisha bandeji bado utausikia, tena ukisemwa kwa upendo.

Nimekuwa nikisoma historia ya jinsi madaktari walivyoyafikiria maumivu ya watoto, nikitarajia kukuta sayansi upande mmoja na misemo ya mtaani upande mwingine. Wapi! Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa na jikaze kisabuni yao, ila iliandikwa kwa lugha ya kitaalamu.

Mwaka 1941 mtafiti wa New York aitwaye Myrtle McGraw alichapisha matokeo ya kuwachoma watoto wachanga kwa pini na kutazama wanavyoitikia. Wale wa siku chache tu hawakuonyesha mengi, na maelezo yakawa kwamba ubongo wao bado haujakomaa. Kazi kama hizo zikaja kusomwa kwa njia ya mkato: mtoto mchanga hasikii uchungu, na hata akisikia, hataukumbuka. Juu ya hapo kulikuwa na hofu ya kweli kwamba dawa za usingizi zingeweza kumuua kiumbe mdogo hivyo. Ukiweka hiyo imani na hiyo hofu pamoja unapata desturi. Watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia wakawa wanapasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, basi. Yaani mtoto hawezi kusogea, hawezi kulia, lakini yuko macho.

Jeffrey Lawson alizaliwa hivyo, kabla ya miezi, mwaka 1985 nchini Marekani. Alipasuliwa ili kufunga mshipa ulio karibu na moyo, na wiki chache baadaye akafariki. Mama yake, Jill Lawson, alipokuja kuuliza maswali na kusoma rekodi, akagundua kwamba mwanawe alipasuliwa bila dawa yoyote ya maumivu. Akaandika barua, akaandika tena, na mwaka 1986 habari hiyo ikatoka kwenye gazeti la Washington Post. Wazazi wengine wakaanza kujiuliza: na wangu je?

Wakati huo huo, Oxford, Uingereza, daktari kijana kutoka India aitwaye Kanwaljeet Anand alikuwa anasumbuliwa na jambo dogo. Aliona watoto wachanga wakienda chumba cha upasuaji wakiwa na hali ya kuridhisha na kurudi wakiwa hoi. Akaanza kupima homoni kwenye damu yao. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililowalinganisha watoto waliopewa fentanyl, dawa kali ya maumivu, na wale waliopasuliwa kama ilivyokuwa kawaida. Miili ya waliokosa dawa ilikuwa kwenye msukosuko mkubwa, na matatizo yao baada ya upasuaji yalikuwa mengi zaidi. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikatamka kwamba mtoto mchanga anastahili dawa ya maumivu kama mtu mwingine yeyote.

1987. Mamangu alikuwa ameshamaliza shule. Hii si historia ya enzi za mawe.

Oxford hiyo hiyo ndiko kulikoanza, miaka mitano mapema, jambo la pili ambalo historia hii haiwezi kuliruka. Tangu 1967 watu wazima wa London walikuwa na St Christopher's, hospisi ya Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla ya kusomea udaktari, na aliyeshikilia kwamba mtu ambaye haponi bado ana mengi ya kufanyiwa. Watoto hawakuwa na mahali pao. Kisha mtawa wa Kianglikana, Sista Frances Dominica, akawa rafiki wa familia iliyokuwa inamtunza nyumbani msichana mdogo aitwaye Helen, aliyeathirika vibaya na uvimbe kwenye ubongo. Sista akawa anamchukua mtoto siku kadhaa ili wazazi wapumue. Kutokana na urafiki huo ikazaliwa Helen House, 1982, hospisi ya kwanza ya watoto duniani. Angalia ilivyoanza: wazazi waliochoka, na mtu mmoja aliyesema leteni mtoto, nendeni mkalale. Mtu akikuambia huduma hii inahitaji majengo ya kifahari kwanza, mkumbushe hapo.

Kwa Kiswahili tunaiita huduma shufaa, au tiba shufaa. Watu wengi wa Nairobi niliowauliza hawajawahi kulisikia hilo neno, lakini Muislamu yeyote wa pwani analijua tangu madrasa. Shufaa ni uombezi: mtu mwenye nafasi anamsemea asiye na nafasi. Naona aliyelichagua kwa kazi hii alilenga pazuri, kwa sababu mtoto mgonjwa ni mtu anayehitaji kusemewa kuliko wote. Mtu mzima atasema mgongo unamuuma kama moto. Mtoto wa miaka miwili atakataa kula, atageukia ukuta, ataacha kucheza, na wakubwa watasema siku hizi ametulia.

Na hapa kuna kutoelewana kunakorudi kila mara. Ukitaja huduma shufaa watu wanasikia kifo, kana kwamba ni chumba cha mwisho kwenye korido. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 1998 kwamba kwa mtoto huduma hii inaanza siku ugonjwa mzito unapotambuliwa, na inaendelea awe anatibiwa ugonjwa wenyewe au hatibiwi. Ni kutuliza maumivu, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ni kumweleza mtoto kinachoendelea kwa maneno anayoyaweza, na kumshikilia mama asianguke. Kuna pia kaka na dada zake waliobaki nyumbani wakidhani wamesahauliwa. Wengine wanaopata huduma hii wanapona kabisa.

Sasa turudi kwetu, maana Afrika Mashariki ina ukurasa wake mkubwa katika historia ya magonjwa mazito ya watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine kama huyo Jinja. Akaanza kupekua rekodi, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani hiyo ya taya kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka kilomita kama 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiuliza kila hospitali: mmeona hii? Ramani yao ikaonyesha kwamba ugonjwa unapenda maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Kanda ya Ziwa, Nyanza, Magharibi, Pwani. Baadaye kirusi kikapatikana ndani ya seli za uvimbe huo, na Burkitt akaonyesha kwamba dozi chache tu za dawa ya saratani zinaweza kuuyeyusha uvimbe wa kutisha ndani ya siku chache.

Ni hadithi nzuri, na inasimuliwa vizuri kila mahali. Lakini nikiisoma natafuta kitu kimoja ambacho ni nadra kukiona: hao watoto walilalaje usiku? Uvimbe unasukuma meno yanalegea, jicho linatoka nje, mtoto hawezi kumeza. Picha zipo, za pembeni na za mbele, kwa ajili ya jarida. Walikuja duniani kama ushahidi. Simlaumu Burkitt, aliokoa wengi. Ninasema tu kwamba sayansi ya saratani hiyo ya watoto ilizaliwa hapa ziwani mwaka 1958, na dawa ya maumivu ya watoto hao hao ikachukua miongo mingine mitatu kuanza safari.

Safari yenyewe ilianza 1990. Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka huo, katika uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na miongoni mwa waliohangaika hadi ikasimama alikuwemo nesi Mwingereza, Ruth Wooldridge. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria na Singapore. Kutoka Singapore alikuja na kitu cha thamani kuliko mashine yoyote: namna ya kutengeneza mofini ya kunywa. Ukiisikia utashangaa. Unga wa mofini, maji, kihifadhi kidogo ili isiharibike, na rangi, ili chupa ya nguvu ndogo isichanganywe na ya nguvu kubwa. Hakuna sindano. Mama anampimia mtoto nyumbani kila baada ya saa nne, kwa kiasi kinachoendana na kilo zake, na dozi ya usiku inaongezwa ili wote wawili walale.

Mwaka 1993 Merriman alivuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda, Kampala. Na hapo jirani akatupita, lazima tukubali. Serikali ya Uganda ikaamua mofini ya maji itolewe bure kwa wagonjwa, na kufikia 2004 sheria ikawaruhusu manesi waliopata mafunzo maalum kuiandika. Fikiria maana yake kijijini, ambako daktari haonekani na nesi ndiye hospitali nzima. Uganda haikuwa tajiri kuliko sisi. Iliamua tu.

Sisi tulikuwa na hofu gani? Mofini si kitu kigeni. Mfamasia wa Kijerumani aliitoa kwenye utomvu wa afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na ni miongoni mwa dawa za bei ya chini katika stoo ya hospitali. Mkataba wa kimataifa wa 1961 kuhusu dawa hizi unasema kwenye utangulizi wake kwamba hazina mbadala katika kupunguza maumivu, na kwamba nchi lazima zihakikishe zinapatikana kwa matibabu. Huku kwetu sheria ya 1994 ya kupambana na mihadarati iliruhusu matumizi ya hospitali, lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni vifungo na faini. Mfamasia anaona stoo yenye kufuli mbili na daftari, anaona askari mlangoni siku hesabu ikikosa mililita kumi. Rahisi zaidi ni kutoagiza. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa sababu mtoto alilia.

Kisha kuna neno lenyewe, unga. Mtaani unga ni heroini. Mzazi akiambiwa mwanawe atapewa mofini anauliza kama wanataka kumfanya teja. Swali halali kabisa, na linastahili jibu badala ya kukemewa. Jibu ni kwamba mwili wa mtoto unaweza kuizoea dawa, ndiyo maana haikatwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo. Kuzoea kwa mwili ni tofauti na uteja, ambao ni nadra kwa mtoto anayepewa dozi iliyopimwa kwa sababu ya maumivu ya kweli. Shida atakayoipata karibu kila siku ni ya kawaida zaidi: kufunga choo. Apewe dawa ya kulainisha tangu mwanzo.

Huku hospisi chache zikijikaza hivyo, likaja wimbi lililobadilisha kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wachanga wenye HIV walikuwa wanaachwa hospitalini Nairobi na hakuna wa kuwachukua. Padre Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, Angelo D'Agostino, akafungua Nyumbani, Septemba 1992, akianza na watoto watatu. Sipendi jina lolote la taasisi kuliko hilo. Kwa miaka ya mwanzo kazi kubwa ya Nyumbani ilikuwa kuwasindikiza watoto: kuwalisha, kuwaosha vidonda vya mdomo, kuwashika mkono, kuwazika. Dawa za kurefusha maisha zilikuwepo duniani tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini bei yake ilikuwa ya Wazungu. Mwaka 2001 D'Agostino akatangaza kwamba ataagiza dawa za bei nafuu zilizotengenezwa India, hataza zikubali zisikubali. Mwaka huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango huo. Dawa zikaanza kuingia. Watoto wakaacha kufa, wakaanza kuhitaji sare za shule, halafu nguo za ndani, halafu ushauri wa mapenzi.

Hicho kipande cha historia nakirudia kila mtu akiniambia huduma shufaa ni kukata tamaa. Wale waliokaa karibu na kitanda ndio waliokuwa wa kwanza kupigana dawa ipatikane. Ukishaona mtoto akiteseka kwa macho yako huwezi kurudi ofisini ukazungumza kuhusu bajeti kwa sauti tulivu.

Ila ushindi wa HIV ulificha jambo. Pesa za wafadhili zilifuata kirusi. Mtoto mwenye HIV akapata kliniki yake, mshauri wake, chakula chake. Aliyelala kitanda cha pili na saratani ya damu, au figo zilizokufa, hakuwa na mfadhili. Septemba 2010 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya na maumivu. Walikuta kwamba kati ya hospitali za umma takriban 250 nchini, mofini ya kunywa ilipatikana katika saba. Soma tena. Saba. Hapo ilikuwa imepita miaka 20 tangu Nairobi Hospice ifunguliwe, na 23 tangu Anand achapishe matokeo yake.

Binamu yangu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Ana selimundu, ambayo kwetu kila mtu huiita siko seli. Damu yake inajikunja kama mundu, inaziba mishipa midogo, na mfupa unakosa hewa. Waliowahi kupata hayo maumivu wanasema ni kama kuvunjwa mguu ambao haujavunjika. Kando ya Ziwa familia nyingi zina mtoto kama huyo, kwa sababu chembe ile ile ya urithi, ukiwa nayo moja tu, inakukinga na malaria. Ukizipata mbili, baba moja na mama moja, ndiyo hiyo sasa.

Shangazi, waya kwa Kijaluo, alimpeleka hospitali moja ambayo sitaitaja, usiku, kwa boda. Akalazwa. Akapewa maji ya mshipa na Panadol. Saa nane usiku mtoto anatetemeka, waya akaenda kwa meza ya manesi.

"Sista, nisaidie. Mtoto anaumwa sana."

"Mama, ameshapewa dawa. Mwambie ajikaze, tusimzoeshe dawa kali."

"Sista, huyu ni mtoto. Atazoea wapi?"

Yule nesi, waya anasema, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na wodi nzima, na kabati ya dawa kali ilikuwa imefungwa tangu jioni na mwenye ufunguo ameenda nyumbani. Alikuja akakaa na mtoto dakika kama kumi, akampapasa mguu. Hiyo ndiyo shufaa aliyokuwa nayo mfukoni.

Kufikia asubuhi mtoto alikuwa kimya, na daktari wa zamu akaandika kwamba anaendelea vizuri. Leo binamu ana zaidi ya miaka ishirini, ana duka la kurekebisha simu Kisumu, na mwaka jana nikamuuliza kuhusu ule usiku. Anaukumbuka wote. Anakumbuka idadi ya mabati ya dari kutoka kitanda chake hadi mlangoni. Nikamuuliza mbona alinyamaza, maumivu yalipungua? Akanitazama kama mjinga. "Mathe alikuwa hajalala siku mbili," akasema. "Nilinyamaza alale."

Nimesoma makala nyingi za madaktari kuhusu namna ya kupima maumivu ya watoto na hakuna iliyonifundisha kama hiyo sentensi. Kule Tulsa, Oklahoma, mapema miaka ya 1980, Donna Wong na Connie Baker walikuwa wanafanya kazi na watoto walioungua, wakaona kwamba mtoto mdogo hawezi kukupa namba. Wakawaacha watoto wenyewe wachore nyuso. Kutokana na hayo ikatoka ile karatasi ya nyuso sita, wa kwanza anatabasamu, wa mwisho anatokwa na machozi, na mtoto anaonyesha kwa kidole. Kutoka miaka mitatu mtoto anaweza. Karatasi haina gharama. Lakini hata karatasi inashindwa na mtoto aliyeamua kumlinda mamake, ndiyo maana wanaofanya kazi hii vizuri humuuliza mtoto akiwa peke yake pia, na huuliza kuhusu usingizi na mchezo.

Tangu ripoti ile mambo yamesogea. Chama cha hospisi na huduma shufaa nchini, KEHPCA, kikiongozwa kwa miaka mingi na Dkt. Zipporah Ali, kimeingiza vitengo vya huduma hii ndani ya hospitali za umma na kuwafundisha manesi kwa mamia. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziweke huduma shufaa ndani ya mifumo yao ya afya, na Kenya sasa ina sera yake ya 2021 hadi 2030. Lakini watoto wanaachwa nyuma hata ndani ya hayo maendeleo. Utafiti wa 2013 ulioungwa mkono na UNICEF ulizilinganisha Kenya, Zimbabwe na Afrika Kusini. Zile mbili ziliwafikia watoto kama asilimia 5 ya wanaohitaji. Kenya, chini ya asilimia 1. Na tume ya jarida la Lancet ya 2017 ilikadiria kwamba watoto karibu milioni 2.5 hufa kila mwaka duniani wakiwa katika mateso makali ya kiafya, zaidi ya asilimia 98 kati yao wakiwa katika nchi kama zetu. Tume hiyo ilihesabu pia mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka: tani 298.5. Nchi maskini kabisa zilipata sehemu ya kumi ya tani moja.

Mtu anaweza kudhani hitaji litapungua kadiri hospitali zinavyoboreka. Ni kinyume. Mtoto wa selimundu ambaye zamani alizikwa kabla ya kufikisha miaka mitano leo anafika kumi, kumi na tano, na kila mwaka unaoongezwa una usiku wake wa maumivu. Mtoto aliyezaliwa na miezi sita na nusu sasa anaokolewa kwenye mashine, na wengine wao wanaendelea na maisha wakiwa na mtindio wa ubongo, misuli iliyokaza, degedege. Wenye HIV wamekua. Saratani zinatambuliwa zaidi, ingawa kwa kuchelewa: nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, na katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki 30. Huo mwanya kati ya 80 na 30 umejaa watoto walio hai leo, wakiwa kitandani, na wengi wao hawako hospitalini. Wako Kayole, wako Bondo, wako Kwale, nyuma ya pazia la chumba kimoja, na anayewatunza ni nyanya.

Kwa hivyo naona vita vya sasa ni vya mambo yasiyo na mvuto. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na hakuna gavana atakayekata utepe kuzindua chupa ya mofini. Mashine ya picha inang'aa kwenye kamera. Chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya kijani haing'ai. Pia nesi akishafundishwa kazi hii mara nyingi anahamishwa wodi nyingine au anaenda Uingereza, na kitengo kinabaki na mlango wenye kibao. Sheria inayomruhusu nesi wa Uganda kuandika mofini ina zaidi ya miaka ishirini, iko saa chache kwa basi kutoka Busia, na inaweza kusomwa.

Nimejizoesha kuuliza jambo moja nikikutana na mtu wa afya wa kaunti, iwe kwa harusi au kwa matanga. Simuulizi kuhusu sera. Namuuliza stoo yao ina chupa ngapi za mofini ya kunywa wiki hii, na ikifika saa nane usiku ufunguo uko kwa nani.